Jifya Moja Haliinjiki Chungu: Haja ya Maabara ya Shirika Kisiwani Unguja

Apitaye Barabara ya Mizingani katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, akitoka Forodhani kwenda bandarini, huona upande mmoja bahari na upande wa pili majumba ya kale ya mawe. Barabarani hapo, kwa miaka mingi, ndipo palipokuwa na makao ya Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kabla ya majengo mapya ya Buyu. Taasisi hiyo ilianzishwa mwaka 1978, nayo haikuanza na mikono mitupu. Ilirithi kazi ya Shirika la Utafiti wa Uvuvi wa Baharini la Afrika Mashariki, ambalo tangu zama za ukoloni lilikuwa na makao yake hapa Unguja, likiitumikia pwani ya Kenya, ya Tanganyika na ya visiwa kwa pamoja. Ilipovunjika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, shirika hilo nalo likafa. Tanzania ikaunda taasisi yake hapa Unguja, na Kenya ikaunda yake Mombasa mwaka 1979. Samaki hawakupata habari hizo. Waliendelea kuvuka mpaka kama ilivyo desturi yao. Walioachana ni watafiti, vitabu na vyombo.

Sikumbushi jambo hili kwa kuomboleza ya kale. Nalikumbusha kwa sababu swali lililowakabili wakubwa wetu wakati ule linatukabili tena leo, mbele ya fani nyingine kabisa ya elimu: vyombo vya sayansi vilivyo vikubwa kuliko uwezo wa chuo kimoja, nani avinunue, nani avitumie, na nani avitunze? Fani ninayokusudia ni baiolojia ya miundo, yaani elimu ya maumbo ya molekuli zinazoendesha uhai. Maoni yangu ni kwamba Unguja haina haja ya kungoja mashine kubwa ndipo iingie katika elimu hii. Inayo haja ya maabara moja ya shirika, yenye vyombo vya kadiri, mafundi waliosomeshwa barabara na mapatano ya kuitunza. Mashine kubwa na tuishiriki pamoja na wengine, huko iliko. Mikono yenye ujuzi sharti iwe hapa.

Fani hii inatazama nini

Fundi wa majahazi wa Nungwi akiletewa chombo kinachovuja, haanzi kazi kwa kuambiwa tu kwamba maji yanaingia. Sharti aingie ndani, apapase viungo, aone ubao upi umeachana na upi na msumari upi umelika kwa kutu. Mganga wa hospitali naye aweza kujua kwamba mgonjwa ana homa, na kwamba dawa fulani huitibu. Lakini kujua dawa hiyo inashika wapi katika mwili wa kijidudu, na kwa nini mwaka huu imeacha kushika, ni lazima mtu auone ubao wenyewe. Ubao huo ni protini, na umbo lake ni dogo mno hata hadubini ya kawaida ya mwanga haiwezi kulionyesha.

Wanasayansi walipata njia ya kulitazama umbo hilo kwa kuigeuza protini kuwa fuwele, kama chumvi inavyofanya chenga zake katika mashamba ya chumvi, kisha kuipiga fuwele hiyo kwa miali ya eksirei. Miali hutawanyika kwa mpangilio, na kwa hesabu mpangilio huo hurudishwa kuwa picha ya mahali ilipo kila atomu. Kwa njia hiyo John Kendrew na Max Perutz, huko Cambridge, walipata miundo ya mwanzo ya protini, wakatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1962. Baadaye ikaongezeka njia ya kuzigandisha molekuli ghafula na kuzipiga picha kwa hadubini ya elektroni, iliyotunukiwa tuzo hiyo hiyo mwaka 2017.

Mwaka 1971 watafiti walianzisha hazina ya pamoja ya miundo ya protini, wakaifungua kwa miundo 7 tu. Leo hazina hiyo ina miundo zaidi ya 200,000, na mtu yeyote duniani anaruhusiwa kuisoma bila ya malipo. Hivyo tangu zamani fani hii imesimama juu ya ushirika. Yafaa basi tujiulize: katika ushirika huo sisi tumeingia kwa mlango gani?

Damu yetu na mwani wetu

Tumeingia, kwa sehemu kubwa, kwa mlango wa watoa vifani vya kuchunguzwa. Mfano ulio dhahiri ni maradhi ya selimundu, ambayo hapa kwetu yanajulikana katika nyumba nyingi. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake, huko Marekani, walionyesha kwamba maradhi haya ni maradhi ya molekuli moja, himoglobini. Mnamo mwaka 1956 na 1957, Vernon Ingram, akiwa Cambridge, alionyesha kosa lenyewe: katika mnyororo wa beta, wenye asidi amino 146, ile ya 6 imebadilika. Palipotakiwa kuwa na asidi ya glutamiki pana valini. Badiliko hilo moja huifanya molekuli iliyokwisha kuachia oksijeni imshike jirani yake, na jirani amshike wa pili, mpaka zikafanya nyuzi ndefu zinazoipinda chembe nyekundu ya damu kama mundu.

Lakini nani aliyefunua kwa nini maradhi haya yamekaa sana katika nchi zenye malaria? Ni Anthony Allison, aliyekulia Kenya, na ushahidi aliouchapisha mwaka 1954 ulitokana na damu ya watu wa Afrika Mashariki. Damu ilitoka huku. Chumba cha kuichunguza umbo lake kilikuwa kule. Hapana wizi katika jambo hilo, na elimu iliyopatikana imewafaa wote. Hata hivyo, ni zaidi ya miaka 70 sasa, na mgawanyo huo wa kazi haujabadilika kwa kiasi cha kuridhisha.

Hasara yake si ya fahari peke yake. Mwaka 2019 iliidhinishwa Marekani dawa ya selimundu iitwayo voxelotor, iliyobuniwa kwa kuangalia umbo la himoglobini. Majaribio yake mengine yaliwashirikisha wagonjwa wa Afrika, wakiwemo wa Kenya na Nigeria. Mwaka 2024 watengenezaji wenyewe waliiondoa sokoni kwa hofu ya usalama wa wagonjwa. Nchi yenye wagonjwa wengi wa maradhi haya haifai kungojea barua kutoka ng'ambo ndipo ijue dawa inafanya nini katika damu ya watu wake. Tunao waganga hodari. Hospitali ya Muhimbili imekuwa ikiwafuatilia maelfu ya wagonjwa wa selimundu tangu mwaka 2004. Pengo liko baina ya kitanda cha mgonjwa na umbo la molekuli.

Mfano wa pili uko ufukweni. Kilimo cha mwani kwa biashara kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino, baada ya miaka ya utafiti ambao Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa miongoni mwa waasisi wake. Leo kina mama kwa maelfu wanaishi kwa kilimo hicho. Wao wanazijua aina mbili: spinosamu, iliyo ngumu kufa lakini bei yake ndogo, na kotonii, yenye bei nzuri lakini imekuwa ikifa katika maji ya kina kifupi yanayozidi joto.

Kinachonunuliwa katika mwani ni karaginani, kitu kinachogandisha vyakula na dawa za meno. Tofauti ya karaginani ya spinosamu na ya kotonii ni ya umbo. Katika kila kipande cha mnyororo, ile ya kotonii ina kundi moja la salfeti. Ile ya spinosamu ina mawili. Kundi hilo moja lililozidi linatosha kuufanya ute mmoja uwe mgumu wa kuvunjika na mwingine uwe laini wa kunepa, na kila mmoja ukapata mnunuzi wake na bei yake. Ndani ya mwani, vimeng'enya ndivyo vinavyoamua makundi hayo yakae vipi. Mkulima wa Jambiani aliyesimama katika maji ya magotini, akifunga miche kwa kamba, anaathirika na umbo la vimeng'enya hivyo kila msimu. Nani ana sababu kubwa kuliko sisi ya kuvichunguza?

Kazi ilivyo, na mahali inapokwama

Wengi hudhani kwamba kinachotuzuia ni mashine kubwa. Dhana hiyo ina haki kiasi. Chanzo cha eksirei kilicho bora siku hizi ni sinkrotroni, pete kubwa ambamo elektroni huzungushwa kwa kasi inayokaribia ya mwanga. Afrika bado haina hata moja. Hadubini ya elektroni ya daraja la juu nayo hugharimu dola milioni kadhaa, na hutaka chumba kisichotikisika, kikavu, chenye umeme usiokatika. Kuiweka mashine hiyo karibu na chumvi ya bahari yetu, pasipo matayarisho, ni kuiandalia kaburi.

Lakini hebu tuifuate kazi tangu mwanzo wake. Mtafiti huchukua jeni ya protini anayoitaka, akaitia ndani ya bakteria, akawakuza katika chupa zinazotikiswa usiku kucha. Huwavunja, akatenganisha protini yake na uchafu mwingine kwa kuipitisha katika mabomba yenye chujio maalumu, yote hayo katika baridi. Kisha hujaribu kuitoa fuwele: tone dogo kwa tone dogo, kwa chumvi hii na ile, mara mia, mara elfu. Kazi hii yaweza kuchukua miezi, hata miaka. Fuwele ikipatikana, hugandishwa katika naitrojeni ya maji, ikatiwa katika chombo maalumu cha safari na kupelekwa kwenye sinkrotroni. Huko, kupigwa kwa eksirei ni kazi ya dakika chache. Tena siku hizi mtafiti halazimiki kusafiri; aweza kukaa Tunguu mbele ya kompyuta yake akaiongoza mashine iliyoko Uingereza au Ufaransa.

Msomaji ataona basi mizani ya mambo. Miezi ni ya nyumbani. Dakika ndizo za mashine kubwa. Na vinavyohitajika katika miezi hiyo ni vitu vya kadiri: mashine za kutikisa na kuzungusha, majokofu ya nyuzi 80 chini ya sifuri, maji safi, naitrojeni, umeme, na watu wanaojua. Hapo ndipo tunapokwama, na hapo ndipo penye uwezo wetu.

Mafunzo ya mbung'o

Hatuhitaji kwenda mbali kutafuta ushahidi kwamba njia hii yafaa. Katika miaka ya 1994 hadi 1997 kisiwa cha Unguja kiliondolewa mbung'o, nzi aletaye maradhi ya nagana kwa ng'ombe. Kazi hiyo ilifanywa na Serikali zetu pamoja na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki. Madume ya mbung'o yalitasishwa kwa mionzi, yakaachiliwa kwa ndege juu ya misitu na mashamba. Majike ya mwituni yaliyopandwa nayo hayakuzaa. Yaliachiliwa madume zaidi ya milioni 8. Mbung'o wa mwisho wa mwituni alionekana Septemba 1996.

Je, Unguja ilijenga kiwanda chake cha kuzalisha mbung'o? Haikujenga. Nzi walizalishwa Tanga, katika taasisi iliyokuwa na ujuzi na majengo, wakavushwa bahari. Unguja ilitoa kile ambacho Tanga haikuweza kutoa: watu wa kuijua Jozani na vijiji vyake, wa kutega mitego, kuhesabu nzi na kuchunguza damu za ng'ombe wiki baada ya wiki. Chombo kikubwa kilikuwa ng'ambo ya mkondo. Kazi ya kila siku, na matunda yake, vilikuwa hapa. Huo ndio ushirika ninaoutaka: kila upande uwe na ujuzi wake, wala usiwepo upande wa kuletewa tu.

Ulimwengu nao unatoa mifano. Huko Jordan, mwaka 2017, ilizinduliwa sinkrotroni iitwayo SESAME. Wanachama wake ni Jordan, Misri, Iran, Israel, Palestina, Pakistan, Saiprasi na Uturuki, nchi ambazo baadhi yake hazisalimiani. Walianza na vipande vya mashine kongwe iliyotolewa na Ujerumani. Nairobi, taasisi ya elimu ya wadudu ya ICIPE, iliyoasisiwa mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, imewasomesha wanafunzi wa udaktari kutoka pande nyingi za Afrika kwa mpango wa pamoja ulioanza mwaka 1983, shahada zikitolewa na vyuo vya kwao. Na katika fani yenyewe tunayoizungumza, BioStruct-Africa, iliyoanzishwa mwaka 2017 na Waafrika waliokuwa watafiti Ulaya, imeyachukua mafunzo ya miundo ya protini na kuyaleta barani, badala ya kungojea kila mwanafunzi apate viza.

Mafiga matatu

Wahenga walisema jifya moja haliinjiki chungu. Mafiga ya chungu hiki, kwa maoni yangu, ni matatu.

La kwanza ni maabara yenyewe, iwe moja na ya wote. Leo Unguja ina Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, Taasisi ya Sayansi za Bahari, Taasisi ya Utafiti wa Afya iliyopo Binguni, Taasisi ya Utafiti wa Kilimo ya Kizimbani, na Hospitali ya Mnazi Mmoja. Kila mmoja akijinunulia sentrifuji na jokofu lake, tutakuwa na sentrifuji tano zilizolala na mafundi wasiotosha hata kwa moja. Chumba kimoja cha matayarisho ya protini, chenye kitabu cha zamu kilicho wazi kwa kila taasisi, kitawahudumia wote. Mimi sigombanii mahali. Tunguu au Buyu au Binguni, popote palipo na umeme wa kuaminika na barabara. Ninachogombania ni kwamba asiwepo mkuu wa idara mwenye kukaa na ufunguo mfukoni.

La pili ni mafunzo, na hapa sina budi kusema niliyoyaona. Nilipokuwa nasoma shahada ya udaktari ng'ambo, chumba cha eksirei kilikuwa mali ya chuo kizima. Mwenye amri humo alikuwa fundi sanifu mmoja, mtu mzima asiye na shahada, naye aliweza kumzuia profesa mlangoni ikiwa hakufika zamu yake au hakusafisha vyombo juma lililopita. Sote tulijifunza kwake. Niliporudi nyumbani nilikuwa kama nahodha asiye na chombo, lakini haukupita muda nikaona kinyume chake, chombo kisicho na nahodha. Katika taasisi moja nilionyeshwa sentrifuji nzuri ya msaada, imefunikwa kitambaa kilichotariziwa. Ilifanya kazi miezi 7. Ilikufa kwa kipuri kidogo, na aliyepelekwa ng'ambo kujifunza kuiendesha alikuwa mhadhiri, ambaye kisha alipandishwa cheo akaenda ofisini. Hakuna fundi aliyepelekwa.

Kwa hiyo napendekeza kwamba kila anapopelekwa mtafiti kusoma, apelekwe na fundi sanifu pamoja naye, na kila mkataba na wafadhili uandikwe hivyo. Fundi huyo awe na ngazi ya cheo na mshahara inayompa sababu ya kubaki. Tukiendelea kumhesabu fundi kuwa ni mtu wa kufungua mlango na kufagia, mashine zetu zitaendelea kuvikwa vitambaa. Aidha, mafunzo ya mwanzo yafanyike hapa hapa, kwa vifani vyetu, ili anayekwenda ng'ambo aende na swali lake mkononi.

La tatu ni matunzo. Zanzibar hupata umeme wake kutoka Tanzania Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari, na waya wa kwanza uliwekwa mwaka 1980. Mwezi wa Mei 2008 umeme huo ulikatika kwa muda wa karibu mwezi mzima. Ukakatika tena Desemba 2009, na haukurudi mpaka Machi 2010. Waya mpya, wenye uwezo wa megawati 100, ulianza kazi mwaka 2013. Wenyeji wanaikumbuka miezi ile kwa kelele za jenereta na ndoo za maji. Mwanasayansi aikumbuke kwa hesabu nyingine: jokofu la nyuzi 80 likizimika, kazi ya miaka mitatu huyeyuka kwa usiku mmoja, wala haitengenezeki. Maabara ya shirika lazima iwe na jenereta yake, mafuta yake, na mtu wa kuamka usiku wa manane kengele ikilia.

Nasema pia kwamba kila taasisi iweke kila mwaka katika mfuko wa pamoja sehemu ya kumi ya thamani ya vyombo inavyovitumia, kwa ajili ya vipuri na matengenezo. Na asiyeweka, jina lake lisiwemo kitabuni. Mapatano hayo yatiwe saini, yawe na nguvu ya sheria, na yaseme wazi vyombo vitakuwa vya nani endapo washirika wataachana. Hili ndilo somo la mwaka 1977. Wakati ule pamoja ilikuwa neno tamu, lakini mali ya pamoja haikuandaliwa kwa siku ya fitina.

Pingamizi

Wapo watakaosema: watoto wanakaa chini katika baadhi ya skuli, na zahanati zinaishiwa dawa, fuwele za protini ni anasa. Pingamizi hili ni la haki, na silijibu kwa dharau. Lau ningependekeza kununua hadubini ya dola milioni kadhaa, ningelikubali mara moja. Nipendekezacho ni kukusanya mahali pamoja fedha ambazo tayari zinatumika kwa kutawanywa. Na dawa zinazokosekana katika zahanati, hata zikiwepo, hupoteza nguvu kadiri vijidudu vinavyobadilika. Mnamo mwaka 2003 Zanzibar ililazimika kuiacha klorokwini na kuingia katika dawa mseto za malaria kwa sababu ile ya zamani ilikuwa haitibu tena. Siku nyingine kama hiyo itakuja. Heri itukute na watu wanaoweza kutazama kimeng'enya cha kijidudu na kusema kimebadilika wapi.

Wapo wengine watakaosema kwamba kompyuta zimekwisha kuimaliza kazi hii. Ni kweli kwamba mwaka 2022 programu ya AlphaFold ilitoa makadirio ya miundo zaidi ya milioni 200, na waliyoibuni walikuwa miongoni mwa waliotunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2024. Kwetu hii ni neema, maana kijana wa Unguja mwenye kompyuta anaweza kuyasoma makadirio hayo leo hii. Lakini programu hiyo ilijifunza kutokana na miundo iliyopatikana kwa mikono katika maabara. Na makadirio ni makadirio: kama dawa inashika au haishiki, kama badiliko la asidi amino moja linaiharibu protini au haliiharibu, sharti mtu aijaribu protini yenyewe katika chupa. Kompyuta imetupunguzia njia, haikutuondolea safari.

Wa tatu watasema: tuyaache haya kwa Dar es Salaam na Nairobi. Nami nakubali kwamba vyombo vikubwa zaidi vinaweza kukaa huko, na tuvitumie. Lakini asiyejua kutayarisha protini hana cha kupeleka Nairobi isipokuwa damu na mwani, na huko ni kurudi kule kule tulikotoka.

Jambo la kufanywa

Jumuiya ya Afrika Mashariki imefufuka kwa mkataba wa mwaka 1999. Ina Kamisheni yake ya Sayansi na Teknolojia huko Kigali, na ya Kiswahili imewekwa hapa hapa Zanzibar. Hivyo hatukosi mabaraza ya kukaa na kupatana. Kinachokosekana ni taasisi za Unguja zenyewe kukaa kwanza katika mkeka mmoja, kabla ya kwenda kwa jirani.

Aaron Klug, aliyekulia Durban, alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1982 kwa kazi ya kusoma miundo kwa hadubini ya elektroni. Kazi hiyo aliifanyia Uingereza. Leo Chuo Kikuu cha Cape Town kina kituo cha hadubini chenye jina lake. Ni heshima nzuri, ijapokuwa imekuja mwishoni mwa safari. Sisi tunao vijana katika madarasa ya Tunguu, wengine ni watoto wa wakulima wa mwani wa Paje, wengine wana ndugu wenye selimundu majumbani. Wanajua kwa nini wanataka kusoma. Wakipata meza, jokofu lisilozimika na fundi wa kuwaelekeza, sehemu kubwa ya kazi yao wataifanya wakiwa kwao.

Nawaomba wakuu wa taasisi tano nilizozitaja waanze kwa jambo dogo: kila mmoja aandike orodha ya vyombo alivyonavyo, vinavyofanya kazi na visivyofanya kazi, pamoja na majina ya mafundi anaowategemea, kisha orodha hizo ziwekwe pamoja mezani. Naamini tutaona kwamba nusu ya maabara tunayoitaka tunayo tayari, imetawanyika, na sehemu yake imefunikwa vitambaa.